Saa ya Daktari Bingwa

Hospitali na kliniki binafsi za gharama kubwa Dar es Salaam zimejazana upande mmoja wa jiji: Upanga, Oysterbay, Msasani, Masaki. Mpango huo una mizizi. Wakoloni waliligawa jiji kwa rangi, uzunguni, uhindini na uswahilini, na tiba ikafuata mgawanyo huohuo. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 ufukweni penye upepo, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alikwenda Sewa Haji, iliyoitwa kwa jina la mfanyabiashara Mhindi aliyetoa fedha za kuijenga. Leo mlango hauulizi rangi ya mtu. Unauliza kadi ya bima, na kama huna, malipo ya kutanguliza.

Kinachouzwa ndani ya mlango huo ni nini hasa? Vidonge vingi ni vilevile. Daktari bingwa naye mara nyingi ni yuleyule: asubuhi yuko hospitali ya umma, jioni yuko kliniki yenye kiyoyozi. Ujuzi wake haukui anapovuka daraja la Selander kwenda Masaki. Kinachobadilika ni muda. Jioni anavuta kiti, anauliza ulilalaje, anakusikiliza mpaka unafika kwenye lile jambo uliloona haya kulitaja mwanzoni. Na binti wa mapokezi anamwamkia bibi shikamoo, kisha anamngoja aketi ndipo amwombe kadi.

Shikamoo haina gharama. Ndiyo maana hunikera kuiona imekuwa sehemu ya huduma za kulipia. Lakini simlaumu muuguzi wa umma anayeita majina kwa ukali kutoka kwenye rundo la mafaili. Mwenye wagonjwa mia mbele yake hana nafasi ya kuuliza habari za nyumbani, na ukali wake mara nyingi ni uchovu tu. (Wapo wakali kwa tabia, hao tunawajua.) Wala huko jioni si peponi. Anayelipwa kwa kila kipimo hushawishika kuandika kipimo kimoja zaidi, na mgonjwa hana namna ya kujua kipi kilihitajika.

Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Tanzania ilipiga marufuku kwa sheria tiba ya kutafuta faida. Hospitali za mashirika ya dini zikaachwa ziendelee. Nia ilikuwa njema, na hoja kwamba ugonjwa wa mtu usiwe mtaji wa mwingine bado inanigusa. Ila uchumi ulipobana miaka ya themanini, mgonjwa alikuta dirisha la dawa halina dawa, na mwaka 1991 sheria ikalegezwa. Ruhusa ilileta majengo na mashine upesi. Daktari bingwa hapatikani upesi hivyo. Tangu aingie chuo cha tiba hadi aitwe bingwa ni karibu miaka kumi, na sehemu kubwa ya masomo yake huwa amejifunzia kwenye vitanda vya hospitali za umma, kwa miili ya watu wasio na uwezo wa kumfuata Masaki.

Simhukumu anayelipa. Mama yangu akiugua usiku nami nina uwezo, nitampeleka huko bila kusita, na anayeniambia angefanya vingine simwamini sana. Kinachonisumbua kinakuja baadaye. Wakili, mhariri, mkurugenzi na mbunge wakishaondoka kwenye foleni, wanaondoka na sauti zao. Kitanda kikilaliwa na wawili, wanaobaki wanalijua hilo fika, lakini hawana namba ya simu ya waziri.

Machi 1, 2024, hospitali kadhaa kubwa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa kutoridhika na bei za kitita kipya cha mafao. Wenye kadi wakaambiwa waende kwingine, zikiwemo hospitali za umma. Ghafla foleni ikawa habari. Magazeti yakaandika, wizara ikazungumza, mitandaoni watu wakauliza inawezekanaje mgonjwa akarudishwa mlangoni. Siku chache tu, mazungumzo yakafanyika, huduma zikarejea, na waulizaji wakarudi kwa madaktari wao wa jioni.