Mkia wa Seli: Kwa Vijana Wanaoteremka kutoka Mwese

Wajukuu zangu, mnateremka kutoka baridi yetu ya Mwese kwenda mashamba ya tumbaku na machimbo ya dhahabu ya Mpanda, kisha mnaniuliza kama kipo kipimo cha kuonyesha iwapo dawa za kupuliza na zebaki vimewaharibu. Kipo. Ila msitarajie kiwape jibu ambalo hakina.

Najua mkisikia DNA mnawaza Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi za nani baba wa mtoto. Hiki hakiulizi wewe ni wa nani. Kinachungulia seli moja moja kuona nyuzi za urithi zimekatika kiasi gani.

Huchukuliwa damu kidogo. Seli nyeupe huchanganywa na agarosi, ute utokanao na mwani, kisha hutandazwa kwenye kioo cha hadubini hadi ute ugande. Kioo huzamishwa katika maji ya chumvi kali na sabuni. Ngozi ya seli huyeyuka, hubaki DNA ikiwa imejikunja. Ikinyooshwa, ya seli moja tu hukaribia mita 2. Baada ya hapo ni maji makali ya alkali, halafu umeme. DNA huvutwa kuelekea upande wa chanya: iliyo nzima husogea kidogo sana, vipande vilivyokatika hutangulia. Ikitiwa rangi ing'aayo, seli huonekana kama nyota yenye mkia, na mkia ukijaa, uharibifu ni mwingi. Östling na Johanson wa Sweden waliianzisha njia hii mwaka 1984. Mwaka 1988 Singh na wenzake huko Marekani wakaongeza alkali, hata mkato wa uzi mmoja ukaonekana.

Sasa sikilizeni vizuri. Mkia si saratani. Mwili hushona mikato mingi ndani ya saa chache, kwa hiyo damu ya Ijumaa huenda isiseme lolote kuhusu dawa uliyopuliza Jumatatu. Sigara nayo huurefusha. Ndiyo sababu watafiti hulinganisha kundi na kundi. Wakulima wa tumbaku wa Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazil, walilinganishwa na watu wasiofanya kazi hiyo, wakakutwa na uharibifu zaidi. Jibu lilikuwa la kundi zima, halikuwa cheti cha mtu mmoja kwenda kumwonyesha mkewe.

Jambo hili si la tumbaku pekee. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya mgodi wa Mukwamba, na risasi ni miongoni mwa metali zilizoonekana kurefusha mkia kwa wafanyakazi wa viwandani.

Kijana ananiambia, "Babu, mimi siumwi." Sawa, lakini nyuzi hukatika bila kuuma. Kusubiri maumivu ndio upimaji mbaya kuliko wote, nao ndio tunaoupenda kwa sababu hauna gharama. Basi fanya kama mtu aliyekwisha kuuona mkia wake. Usivune tumbaku yenye umande ukiwa mikono mitupu, maana nikotini hupenya ngozi. Ukimaliza kupuliza, vua nguo shambani na uzifue peke yake, si pamoja na nepi za mtoto. Wala usitegemee kunywa maziwa baada ya kupuliza: nani alikudanganya kwamba huosha sumu? Zebaki usiichomee jikoni kwa mkeo, hata mvua ikinyesha. Tumia chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke. Anayekucheka machimboni hatakuuguza.

Na wewe unayekwenda kusomea maabara, ukihesabu mikia mwambie mwenzako afiche majina kwenye vioo, kwani jicho huona linachotaka. Linganisha watu wa rika moja, mvuta sigara na mvuta sigara mwenzake. Siku utakayoweza, anzia kwa wapulizaji wa dawa za tumbaku wa Mishamo kabla ya msimu wa dawa, urudi tena katikati ya msimu, na matokeo uwasomee wao kwanza kabla ya kuyapeleka kwa wakubwa. Mimi usinipime. Uzee nao una mkia wake, nitakuharibia hesabu.