Onyo Tulilolizoea

Kisa nitakachowasimulia hakikuzuka hapa kwetu Wingwi. Kilizuka Januari 2021, katika programu ambayo watu wa nchi nyingi huitumia kuendesha taa, feni, pampu na makufuli ya nyumba zao. Nakileta kwetu kwa sababu kosa lililotendeka si kosa la watu wajinga. Ni kosa la watu waliozoea, na kuzoea hakuchagui mtu wala mji. Mimi mwenyewe nina mtambo wa programu hiyo nyumbani, na nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilijiona ndani yake.

Programu yenyewe inaitwa Home Assistant. Aliianzisha Paulus Schoutsen, Mholanzi, mwaka 2013, kwa lugha ya Python. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, anayetaka ausome, aurekebishe, na alichokiongeza awape wenziwe bure. Mara nyingi hukaa ndani ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayoenea kiganjani, na kazi zake nyingi huzifanya palepale nyumbani bila kungoja kompyuta ya kampuni iliyo ng'ambo. Kwetu hilo si jambo dogo. Intaneti inapokatika, pampu ya tangi inajizima yenyewe maji yakijaa, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ubora wa kujitegemea namna hiyo ulidhihirika mwaka 2016. Kulikuwa na kifaa cha kuendeshea nyumba kilichoitwa Revolv, watu walikinunua kwa karibu dola 300. Kampuni ya Nest iliinunua Revolv mwaka 2014 na ikaacha kuviuza vifaa hivyo. Mei 2016 huduma yake ikazimwa kabisa. Kifaa kizima, hakijaanguka wala kuingia maji, kikalala kama jiwe mezani. Aliyeyaona hayo ana haki ya kuikimbilia programu huria. Lakini nyumba usiyopangishwa na mtu ni wewe mwenyewe wa kuilinda, na hapo ndipo wengi walipoteleza.

Ndani ya Home Assistant mna pande mbili. Upande wa kwanza ni msimbo wa mradi wenyewe, ambao badiliko lake husomwa na mtu wa pili kabla ya kupokelewa. Upande wa pili ni folda iitwayo custom_components. Humo mwenye nyumba anaweka kiongezo chochote alichokipata kwa mtu yeyote, na mradi haujakipima. Kiongezo kimoja kinapanga vizuri ukurasa wa taa, kingine kinaleta aikoni za kupendeza, kingine, kama HACS, kinakusaidia kuvipata na kuviweka viongezo vingine. Vingi huandikwa na watu wa kujitolea, usiku baada ya kazi zao, na tunawashukuru.

Sasa sikilizeni vizuri. Kila mtambo unapowashwa, programu huandika katika daftari lake la matukio mstari wa onyo kwa kila kiongezo kilichomo katika folda ile. Maana yake ni hii: unatumia kiongezo ambacho Home Assistant haijakijaribu, kinaweza kuleta matatizo, ukiona hitilafu, kizime. Mstari huo ulikuwa ukitoka miaka kabla ya 2021. Ulitoka asubuhi, ulitoka usiku, ulitoka kila umeme ulipokatika na kurudi. Na kwa kuwa ulitoka kila mara na taa zikawaka vilevile, watu waliacha kuusoma. Nami niliupita mara nyingi nikitafuta mstari mwingine chini yake.

Tarehe 22 Januari, 2021, mradi ukatoa tangazo: baadhi ya viongezo hivyo, HACS kikiwemo, vina tundu la hatari. Kesho yake likatoka tangazo la pili, vimeonekana vingine tena. Mtu asiye na akaunti wala neno la siri, ilimradi aweze kuufikia mtambo wako kupitia intaneti, angeweza kusoma faili lolote ambalo programu ile ina uwezo wa kulisoma.

Tundu lenyewe lilikuwaje? Fikirini nyumba zetu. Mgeni akipiga hodi, unamkaribisha barzani. Akiomba maji, unamletea. Hakuna mgeni anayeinuka barzani akapita ukumbini hadi chumbani kwako, akafungua kasha, akisema ametumwa kuchukua gilasi. Kiongezo nacho kina barza yake, yaani folda ya picha na aikoni, na mgeni anaruhusiwa kuomba kilichomo humo. Mgeni anataja jina la faili, programu inaliunganisha na jina la folda, kisha inampa. Lakini katika kompyuta kuna alama hii: ../ yaani nukta mbili na mkwaju. Maana yake ni "toka katika folda hii, rudi ile iliyo juu yake." Mgeni akitanguliza alama hiyo mara mbili au tatu kabla ya jina la faili, ameshatoka barzani na yumo chumbani. Viongezo vile havikumuuliza anakwenda wapi. Vilipokea jina kama lilivyo, vikafungua.

Na chumbani mna nini? Mna faili liitwalo secrets.yaml, ambamo watumiaji huweka maneno ya siri ya ruta, kamera na barua pepe. Linaitwa faili la siri, lakini ndani yake maandishi ni wazi, anayelifungua anayasoma. Mna pia mafaili yenye funguo za akaunti za wenye nyumba. Aliyezipata hizo hana haja ya kuvunja mlango.

Wenye mradi hawakulala. Walitoa toleo jipya, na tarehe 23 Januari likafuata 2021.1.5, lenye kinga mlangoni kabisa: ombi lenye alama za kutoroka folda linakataliwa kabla ya kukifikia kiongezo chochote. Walioshindwa kuweka toleo jipya siku ile waliambiwa wabadilishe jina la folda ya custom_components kisha wauwashe mtambo upya, ili viongezo vyote vilale. Dawa ilikuwa nyepesi namna hiyo. Kilichokuwa kizito ni kuchelewa kujua kwamba unaumwa.

Tuzitazame dalili zilizopuuzwa, maana ndizo zilizonifanya niandike. Ya kwanza ni ule mstari wa onyo. Ulisema kweli tangu mwanzo, tukauchukulia kama kelele. Ya pili: hakuna mtu wa pili aliyelazimika kuusoma msimbo wa viongezo vile kabla haujaingia majumbani. Kiongezo kinapendwa na watu wengi, kila mmoja anadhani mwenzake amekwisha kukikagua. Wingi wa watumiaji tukauhesabu kuwa ndio ukaguzi. Ya tatu: tundu la kutoroka folda halikuwa jambo geni. Waandishi wa programu wanalijua tangu zamani, na kinga yake ni mistari michache: ukisha kuunganisha njia ya faili, hakikisha mwisho wake bado uko ndani ya folda uliyoiruhusu. Lakini anayeandika kiongezo cha aikoni hajioni kama mlinzi wa mlango. Anajiona anapamba nyumba.

Asije mtu akasema kosa ni la hao wa nje tu. Machi 2023 mradi wenyewe ulitangaza tundu jingine, safari hii katika sehemu yao iitwayo Supervisor, inayosimamia mtambo mzima. Lilimruhusu mgeni kupita bila kuthibitisha yeye ni nani, na kwa kipimo cha hatari walilipa alama 10 kwa 10, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Lilikuwamo tangu mwaka 2017, sehemu hiyo ilipoanzishwa. Basi hata msimbo uliosomwa na watu hodari ulikaa na ufa miaka kadhaa. Nalitaja hili ili nisimfanye yeyote ajione salama, nikiwemo mimi. Tofauti ni kwamba walipolijua walilisema hadharani, wakatoa rekebisho, wakawahimiza watu. Mradi unaoficha tundu lake ndio wa kuogopwa.

Kwa hiyo nawaomba vijana mnaoandika programu, iwe ya nyumba, ya pampu au ya duka. Unapotengeneza toleo jipya, usianze na kitu kipya cha kuonyesha. Anza na milango. Hesabu kila mahali ambapo mtu wa nje anaweza kuleta neno likapokelewa: jina la faili, namba, anwani. Kila neno la mgeni lipime kabla ya kulitumia. Tafuta mtu mmoja, hata kama yuko Chake Chake nawe uko Wingwi, akusomee msimbo wako kabla hujautoa, nawe umsomee wake. Na ukiandika onyo, liandike mtumiaji ajue afanye nini. Onyo linalorudiwa kila siku bila kumtaka mtu atende jambo humzoesha kutolisikia.

Nanyi mnaotumia tu, yenu ni machache. Wekeni matoleo mapya yanapotoka, hasa yakisemwa kuwa ni ya usalama. Msiufungulie mtambo wenu mlango wa intaneti kama hamna haja ya kuufikia mkiwa mbali. Neno la siri likiwa limekaa mahali palipokuwa na tundu, libadilisheni, msingoje ushahidi kwamba limeibwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika mambo haya mkuu wakati mwingine ni mstari mmoja wa maandishi kwenye kioo.

Usiku ule niliokisoma kisa hiki nilifungua daftari la mtambo wangu. Nikakuta onyo lile mara tatu, kwa viongezo vitatu. Viwili nilivijua kazi yake na nani anavitunza. Cha tatu nilikaa nacho kitambo, nikashindwa kukumbuka nilikiweka lini na kwa sababu gani, ila niliamini mambo hayaendi bila yake. Nikakifuta, nikauwasha mtambo upya. Kesho yake jioni, kwenye saa kumi na mbili na nusu, taa ya barza ikawaka kama siku zote. Usiku huu nanyi fungueni madaftari yenu, na kila jina mtakalolikuta katika onyo lile, jiulizeni nani alilikaribisha ndani.