Je, Kuegemea ni Aibu?



Mwaka juzi, mvua za vuli zilipoanza, nilipanda miche miwili ya pasheni nyuma ya nyumba yangu hapa Buswelu, karibu na mahali tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Wengine huliita tunda hili karakara, nalo ni lile lile. Miche ilikuwa mifupi kama kiganja, nami nikasema moyoni kwamba kichanja nitakijenga baadaye. Hiyo "baadaye" yangu ikawa miezi minne. Mwenye kuifahamu pasheni anajua yaliyotokea. Mimea ilitambaa chini, ikaingia katika mchicha, ikayakamata maboga, ikaukamata mguu wa kigoda nilichokisahau uani. Siku nilipojenga kichanja na kuanza kuinyanyua, mmoja ulikatika karibu na shina. Wa pili ulipona, nao ndio ninaotaka kuwaelezeni habari zake, kwa sababu umenifundisha jambo ambalo katika miaka yangu yote ya ualimu sikulijua.

Kwanza, kwa faida ya wale wanaotaka kupanda, niseme jinsi kichanja kinavyojengwa. Chukua nguzo nne zenye urefu wa mita mbili na nusu hivi. Chimba mashimo ya nusu mita au kupita kidogo, maana kina kifupi hakifai katika udongo wetu huu wa kichanga, na pepo za ziwani hazina huruma. Ncha itakayoingia ardhini ichomwe motoni kidogo au ipakwe oili chafu, la sivyo mchwa wataila kabla hujala tunda. Jaza mawe kuzunguka kila nguzo na kuyashindilia. Na sisi wa Mwanza, kama tumepungukiwa na kila kitu, hatujapungukiwa na mawe. Juu ulaze fito au waya. Kisha ufunge kamba ya katani kutoka kwenye kijiti kidogo kando ya mche hadi juu, upate njia ya kupandia. Machipukizi ya pembeni yaliyo chini uyaondoe, ubakize mawili ya kuendelea, na yakifika juu uyaelekeze moja huku na moja kule. Basi. Ni kazi ya siku moja, na mimi niliiahirisha miezi minne.

Sasa nije kwenye swali. Siku si nyingi zilizopita tulikuwa katika mazungumzo juu ya kuwasaidia wahitaji, na ndugu mmoja, mtu mwema ninayemheshimu, alisema kwamba tukizidi kuwasaidia watu tutawaharibu. Akasema mti wa kweli husimama wenyewe, hakuna aliyeuwekea mwembe egemeo. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Mimi nami nilitikisa, kwa kuwa nililelewa hivyo. Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1967 tuliimbishwa kujitegemea asubuhi na jioni. Azimio la Arusha lilitufundisha ya kwamba taifa lililoweka tumaini lake katika fedha za wageni haliwezi kuwa huru, na hilo ni kweli hata leo. Lakini wengi wetu tulilichukua neno hilo tukalipeleka mahali ambapo Azimio halikulipeleka. Tuliona kwamba mtu binafsi akimhitaji mwenzake amepungukiwa utu. Tulisahau kwamba katika Azimio hilo hilo kujitegemea kulianza kwa mtu mmoja kukapanda hadi nyumba kumi, hadi kata, hadi taifa. Yaani nyumba kumi zilizoshikana ndizo zilizoitwa zenye kujitegemea.

Nilirudi nyumbani siku ile nikaketi chini ya kichanja changu, na neno la yule ndugu likaanza kunisumbua. Ni kweli mwembe hausimamishwi. Je, pasheni ina kosa gani kwa kuwa haikuumbwa mwembe? Shina lake ni jembamba. Halikupewa kusimama, lilipewa kushika. Ukiiacha ijitegemee kwa namna ya mwembe haitakuwa mwembe hata miaka mia. Itakuwa pasheni inayooza chini.

Hata hivyo, nisiruke hoja yake upesi, maana ina uzito. Mtume Paulo mwenyewe aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Nanyi mwaijua Wagalatia sura ya 6, pale anapoagiza tuchukuliane mizigo, na kabla hatujavuta pumzi anasema kila mtu atachukua wa kwake. Nilipokuwa kijana nilidhani Mtume amejisahau. Lakini katika Kiyunani maneno ni mawili. Katika mstari wa 2 ni uzito unaomlemea mtu. Katika mstari wa 5 ni kile ambacho msafiri hufunga na kwenda nacho. Na waliotutafsiria Biblia ya Kiswahili waliliona hilo, ndiyo maana pale wameandika "mizigo" na hapa "furushi". Kwa hiyo kazi yetu ni kupambanua lipi ni furushi na upi ni mzigo. Ndiyo kazi ngumu, wala haifanyiki kwa kutikisa kichwa katika mkutano.

Na mmea hunisaidia katika upambanuzi huo. Tazameni vile vikono vyembamba vinavyochomoza penye majani. Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alivichunguza kwa saburi kubwa, na kitabu chake juu ya mimea itambaayo kilitolewa mwaka 1875. Aliona kwamba kikono kikigusa kitu huanza kujipinda. Katika aina moja ya jamii hii ya pasheni, kujipinda kulionekana kabla ya dakika moja kwisha. Kikiisha kushika, hujikunja mfano wa springi, nusu yake kikizunguka upande huu na nusu upande ule, hata upepo ukivuma mmea hunesa bila kukatika. Zaidi ya hayo, katika mimea mingi ya namna hii kikono kilichoshika huzidi kuwa kinene na kigumu, lakini kile kilichokosa cha kushika hunyauka. Mwanzoni nilidhani egemeo huufanya mmea kuwa mvivu. Kumbe kikono ambacho hakikupewa kitu ndicho kilichodhoofika. Na mwenye kushika ni mmea wenyewe. Nguzo haiushiki, nguzo imesimama tu mahali panapofikika.

Hapo ndipo niliposhtakiwa na dhamiri yangu, ndugu zangu, na niliandike waziwazi kwa kuwa ni sehemu ya habari hii.

Ule mmea uliopona niliufunga kwa waya wa kufungia nondo, kwa kuwa ndio uliokuwapo, nami nilikuwa na hofu usianguke tena. Niliukaza barabara. Baada ya miezi majani ya juu yakaanza kugeuka manjano. Nikatia samadi, nikatia maji, wapi! Nilipochunguza nikaona shina limenenepa na waya umezama ndani ya gome. Nilichukua koleo nikaukata. Na huku nimeshika koleo nikamkumbuka mpwa wangu.

Dada yangu alipofariki alituachia kijana wa miaka 16. Tulimchukua kwa moyo mweupe. Akajifunza useremala, akawa na mkono mzuri. Lakini ujira wake niliushika mimi, nikisema namtunzia. Marafiki zake niliwachagua mimi. Simu yake ikilia nilitaka kujua ni nani. Akiwa na miaka 21 nilikuwa bado namtuma dukani mbele ya wanafunzi wake. Asubuhi moja tukakuta kitanda kimetandikwa na yeye hayupo. Baadaye tukasikia yuko Geita. Kwa miaka sita nimewaambia watu kwamba hana shukrani, na baadhi yenu mmenisikia nikisema hivyo. Nilimpa egemeo, ndiyo, wala sitakana kwamba alikula na kulala kwangu. Lakini nilimfunga kwa kipimo cha siku alipofika, na yeye alikuwa akinenepa.

Kamba ya katani ina faida hiyo, kwamba huoza. Mwenye bustani hulazimika kuirudia, na akiirudia hutazama shina limekuwaje. Waya hukuruhusu kusahau.

Kuna jambo jingine ambalo si la kupendeza sana. Nguzo haifaidi. Watu husema mwenye kusaidia hubarikiwa, nami naamini, lakini tusiseme kwa wepesi. Mmea wenye majani ni mzito, tena baada ya mvua huwa mzito zaidi. Nguzo hulemewa, mchwa huiandama, na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa miti mikavu hufanya makazi ndani yake. (Hao msiwaue, maana ndio wanaochavusha maua ya pasheni kuliko wadudu wengine, anayetoboa nguzo ndiye anayetupatia matunda.) Katika mtaa wetu wako mabinti waliobaki nyumbani kuuguza wazazi mpaka ujana wao umepita. Tunawasifu Jumapili, kisha tunakwenda zetu. Someni Kutoka sura ya 17. Mikono ya Musa ilipochoka waliwekwa watu wawili, Haruni upande huu na Huri upande huu, tena akawekewa jiwe la kukalia. Hawakumwachia mtu mmoja kazi hiyo. Kichanja cha nguzo moja sijapata kukiona kikidumu hadi masika.

Lakini swali langu la kwanza bado. Kuegemea ni aibu? Ninaye jirani, mayu mmoja mzee, ambaye miguu yake imekataa. Hukataa kushikwa mkono. Mwezi uliopita alianguka mtaroni akienda kanisani, naye alipoinuliwa aliona haya kuliko maumivu. Nilimwambia, "Mama, kwa nini hukuita?" Akanijibu, "Mwalimu, nimezaa watoto saba, nimelima jembe la mkono miaka hamsini, leo niite mtoto anivushe mtaro?" Sikuwa na jibu. Nadhani wengi wetu tukifika umri wake tutasema hayo hayo. Bwana wetu alimwambia Petro habari hiyo hiyo katika mwisho wa Injili ya Yohana, kwamba akiwa mzee atanyosha mikono na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Twajua hapo Yesu alisema juu ya kifo atakachokufa Petro. Lakini kila mzee akilisoma neno hilo hujiona mwenyewe.

Jibu lilinijia wiki mbili baadaye, kutoka katika ua. Jina hili "pasheni" asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mateso. Mmea huu ni wa Amerika ya Kusini, na wamisionari wa Kihispania walipoyaona maua yake waliona humo mateso ya Bwana. Zile nyuzi zinazozunguka katikati wakaziita taji ya miiba. Vile vitatu vya juu wakaviita misumari. Vitano vya chini yake wakaviita majeraha. Na vikono wakaviita mijeledi. Mtaalamu mmoja wa Roma, Giacomo Bosio, aliandika juu ya ua hilo mwanzoni mwa karne ya 17, na habari ikaenea Ulaya. Mimi sidhani kwamba Mungu aliliumba ua ili liwe ubao wa kufundishia, ila sitagombana na anayedhani hivyo. Lakini kwa kulitazama nilijikuta nikiifuata njia ya msalaba, nikafika mahali ninapopapita upesi kila Ijumaa Kuu: Simoni wa Kirene. Bwana alikuwa akienda kusulibiwa, na msalaba ukachukuliwa na mtu mwingine, mpita njia aliyekuwa akitoka shamba. Injili tatu zimeiandika habari hiyo. Kama kuegemea kungekuwa aibu ya kuficha, mitume wangeificha.

Nilikwenda kwa mayu nikamwambia hayo, si kwa kumhubiri, bali kwa kuwa lilikuwa limenijia. Alinyamaza muda mrefu akichambua mboga. Kisha akasema, "Yule Simoni walimlazimisha." Nikasema ni kweli. Akasema, "Mimi sitaki mtu alazimishwe." Jumapili iliyofuata wasichana wawili wa kwaya walimpitia, na mmoja wao akamwomba amshikie kitabu chake ili yeye amshike mkono. Wakavuka mtaro hivyo. Sijui nani aliwafundisha, si mimi.

Kwa mpwa wangu nimepeleka barua na kikapu cha pasheni za kwanza, kwa mkono wa mtu aliyekuwa akienda Geita. Barua ni fupi. Fedha zake nilizozishika nimeziandika humo zote kwa hesabu, pamoja na namna nitakavyozirudisha. Sijapata jibu. Kovu la waya bado lipo shinani, ingawa mmea unazaa. Kamba za katani zinatakiwa kufungwa upya kabla ya masika, nami bega langu haliniruhusu tena kufika juu, kwa hiyo Jumamosi nitamwomba kijana wa jirani aje anipandie ngazi.