Je, Yafaa Kufanya Chama na Jirani Tusiyemwamini?



Jioni moja, mafundisho yalipokwisha, mama mmoja alibaki amekaa kwenye benchi wakati wenzake walipokuwa wakitoka. Yeye si mwenyeji wa huku kwetu ziwani. Alikuja na watoto wake akikimbia vita vya Kivu. Akaniuliza: «Mwalimu, nimesikia katika redio ya kwamba nchi yetu na nchi ya Rwanda zimo katika chama kimoja, na wakubwa wao huitwa katika mkutano mmoja. Mimi niliyekimbia nifikiri nini? Yafaa kufanya chama na mtu usiyemwamini?»

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda, kwani mtu aliyepoteza nyumba yake hastahili kupewa jibu la haraka. Tangu hapo nimeliwaza swali lake nikienda shuleni na nikirudi. Haya ninayowaandikia ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue ni chama gani. Chaitwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999 na Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudani ya Kusini mwaka 2016. Kongo yetu ilitia sahihi mjini Nairobi tarehe 8 Aprili 2022, kisha Somalia ikafuata, na leo nchi ni nane. Makusudi yake ni kwamba bidhaa za nchi hizo zipite mipakani pasipo kulipishwa ushuru, watu waweze kutafuta kazi upande wa pili, baadaye iwepo fedha moja, na mwishoni hata serikali moja. Hayo yameandikwa. Kuyatenda ni kazi nyingine, kama ajuavyo kila mtu aliyevusha sabuni kutoka Kigoma.

Mama yule hakuuliza bure. Mwezi wa Novemba 2022 askari wa Jumuiya hiyo walifika Goma kutuliza vita. Mwezi wa Desemba 2023 waliondoka, maana serikali yetu haikutaka wakae zaidi. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda yawasaidia waasi hao. Rwanda yenyewe yakana. Basi hao ndio wanaoketi katika chama kimoja.

Nimewasikia watu wakijibu swali hili kwa njia mbili. Wengine husema: tupatane kwanza, biashara itakuja baadaye. Wengine husema: tufanye biashara tu, mapatano yatakuja yenyewe. Mimi naona wote wawili wamesahau jambo moja, na ili kulionyesha yanipasa kuwapeleka mbali kidogo, mpaka Ulaya.

Ufaransa na Ujerumani zilipigana vita tatu katika muda wa miaka sabini na mitano: mwaka 1870, mwaka 1914 na mwaka 1939. Mtoto aliweza kuzikwa na vita ileile iliyomzika babu yake, ila jina la mwaka tu limebadilika. Palikuwa na mtu mmoja, Robert Schuman, aliyeujua uadui huo katika maisha yake mwenyewe. Alizaliwa Luxembourg mwaka 1886. Baba yake alikuwa mtu wa Lorraine, jimbo ambalo Wajerumani walitwaa sehemu yake baada ya vita ile ya kwanza. Kwa hiyo mtoto alizaliwa raia wa Ujerumani. Vita ya 1914 ilipokwisha, jimbo lilirudi kwa Ufaransa, naye akawa Mfaransa. Mwaka 1940 Wajerumani walimfunga, na mwaka 1942 akatoroka. Kanisa lilitambua mwaka 2021 fadhila zake za kishujaa. Lakini hapa simtaji kwa ajili ya sala zake, namtaja kwa ajili ya akili yake.

Tarehe 9 Mei 1950, miaka mitano tu baada ya vita kwisha, Schuman alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa. Siku hiyo alitangaza shauri ambalo Jean Monnet na wasaidizi wake walikuwa wameliandika. Angalieni alichokisema na ambacho hakukisema. Hakusema kwamba Wajerumani sasa ni watu wema. Hakuwaambia Wafaransa wawasahau wafu wao. Alisema: tuyatie pamoja makaa ya mawe na feleji za nchi zetu. Feleji ni kile chuma kigumu kinachofanyiwa reli na mashine, na pia mizinga. Na makaa ya mawe ndiyo moto wa kukiyeyusha. Asiye na vitu hivyo hawezi kufanya vita kubwa. Schuman hakuanza na vitu vya furaha, nyimbo au michezo. Alianza na kile hasa ambacho kila mmoja angekitumia kumwua mwenzake.

Nchi sita zilikubali: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Zilitia sahihi mjini Paris tarehe 18 Aprili 1951. Na jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote ni hili: makaa na feleji hazikuachwa mikononi mwa Mfaransa wala mwa Mjerumani. Iliwekwa Mamlaka Kuu ya watu tisa mjini Luxembourg, waliokatazwa kupokea amri kutoka serikali za kwao, pamoja na mahakama ambayo kila nchi ilipaswa kuitii. Kutoka mbegu hiyo umeota Umoja wa Ulaya, wenye nchi 27 leo. Uingereza ilijitoa mwaka 2020, na hakuna aliyeipiga vita kwa sababu hiyo.

Nisiwasifu kupita kiasi. Nchi hizohizo sita zilipofanya mkataba mwingine mjini Roma mwaka 1957, ziliiunga humo na Kongo yetu, pamoja na Ruanda-Urundi, maana tulikuwa chini ya Ubelgiji. Babu zetu hawakuulizwa neno. Mtu aweza kupatana vizuri na jirani yake huku amemkanyaga wa tatu.

Lakini ile njia ya Luxembourg naijua, kwa maana nimeiona kijijini. Karibu na misioni yetu kuna bonde la mpunga, na wenye mashamba wawili waliogombana humo miaka mingi. Wa juu aliweza kuyazuia maji. Wa chini, kwa kuwa njia ya kufikia kichwa cha mfereji hupita shambani mwake, aliweza kuwazuia watu wasiende kuusafisha. Wazee walijaribu mara tatu kuwapatanisha, wakashindwa. Mara ya nne wakaliacha neno la kupatana. Waliuwekea mlango wa maji kufuli, wakampa ufunguo mzee wa ukoo mwingine, wakahesabu siku za maji za kila mmoja, wakasema: asiyekuja siku ya kufyeka mfereji hapati maji juma lile, hata akiwa nani. Wale wawili hawakusalimiana mwaka mzima. Mpunga wao wote wawili ulikomaa.

Huko Ulaya Schuman alifanya kama wazee hao. Hakungoja moyo wa jirani ubadilike. Alitafuta mahali pa kuuweka ufunguo.

Sasa turudi Afrika, maana Jumuiya ya leo si ya kwanza. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilikwisha kuifanya moja. Reli, bandari, posta, simu na ndege zilikuwa mali ya wote watatu. Mashirika hayo yalikuwapo kweli, yenye wafanyakazi na mishahara. Hata hivyo Jumuiya ile ilikufa mwaka 1977. Sababu zilikuwa nyingi. Tanzania na Uganda zilinung'unika kwamba Kenya yapata faida kuliko wenzake. Lakini sababu mojawapo ndiyo inayotuhusu hapa. Juu ya yote walikaa marais watatu. Mwezi wa Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote katika Uganda, na Julius Nyerere akakataa kuketi naye. Tangu hapo marais watatu wa Jumuiya hawakukutana tena katika baraza lao. Chama kilichokuwa cha mamilioni ya watu kilitegemea viti vitatu, na kiti kimoja kikakaa mtu ambaye mwenziwe hakuweza kumpa mkono. Mwaka 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa hata mwaka 1983.

Je, Mwalimu Nyerere alikosa? Swali hili limenisumbua kuliko mengine yote. Amin aliua watu wengi, na kuna meza ambazo mwenye dhamiri hapaswi kuzikaribia. Siwezi kumlaumu. Lakini mwenye duka pale mpakani hakuua mtu, wala mfanyakazi wa reli, na ndio walioumia. Hivi ndivyo ninavyoona: kosa halikuwa la aliyekataa kuketi, bali la wale walioijenga nyumba ile hata kukataa kwa mtu mmoja kukaibomoa. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa wenye mashamba wenyewe.

Na leo? Mkataba wa 1999 wasema kwamba maamuzi ya mkutano wa wakuu wa nchi hupitishwa kwa makubaliano ya wote. Maana yake, anayeshtakiwa akikataa, neno limekwama. Mkutano ulipoitwa mwezi wa Januari 2025 kwa ajili ya Goma, Rais wetu hakuhudhuria, na wako waliomsifu na wako waliomlaumu. Mimi nilimkumbuka Nyerere.

Huku kwetu kuna mfano mwingine, mdogo lakini ulio hai. Mto Ruzizi unaomwaga maji yake katika ziwa letu la Tanganyika umewekewa mitambo ya umeme, na mmoja wao, ulioanza kazi mwaka 1989, ni mali ya nchi tatu pamoja: Kongo, Rwanda na Burundi. Uliota katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoanzishwa Gisenyi mwaka 1976, ambayo wengi huiita kwa herufi zake za Kifaransa CEPGL. Jumuiya hiyo ilisinzia katika vita vya miaka ya 1990, ikaamshwa mwaka 2007. Mtambo haukugawanywa. Hauwezi kukatwa vipande vitatu.

Basi nilimrudia yule mama, nikamwambia hivi. Kumpenda adui tumeamriwa, kumwamini hatukuamriwa. Imani ya mtu kwa mtu hutolewa kwa kadiri ya matendo yanayoonekana, na asiyeitoa bado si mwenye dhambi. Kwa hiyo yafaa kufanya chama na jirani usiyemwamini, na pengine yapasa, kwa sababu jirani unayemwamini humhitajii kufuli. Lakini chama hicho kisitegemee moyo wake. Kiwe na ufunguo mahali pengine, na mtu wa kuhesabu siku za maji. Kama ufunguo haupo, tusikiite chama hicho amani; tukiite mkutano. Tena kufuli hufunga pande zote mbili. Wako wakubwa wa forodha upande wetu huu wanaowatoza wanawake wenye vikapu fedha zisizoandikwa popote, na siku mahakama ya Jumuiya itakapotuhukumu sisi, ndipo itakapojulikana kama kweli tulitaka sheria au tulitaka kushinda tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: «Na huo ufunguo, Mwalimu, leo ameushika nani?»

Nikamwongoza mpaka darasa la sita, kwenye ramani ya Afrika iliyopasuka pembeni. Nikamwonyesha Arusha, nikamwambia kwamba huko iko mahakama ya Jumuiya, ambayo nchi zote nane zimekubali kwa sahihi zao kuitii. Aliweka kidole chake juu ya Goma, akakipeleka polepole, akivuka ziwa na nchi nzima, mpaka pale nilipomwonyesha.

«Ni mbali,» akasema. Akajifunga kanga yake, akaenda kuwaita watoto.