Amana ya Bahari: Yapasayo Kufundishwa Vijana Wabalighipo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na ali zake na sahaba zake.

Ama baadu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, kijana atimizapo miaka 15 ya mwezi, au aotapo kabla ya hapo, kalamu humwandikia. Wazee humfundisha siku hizo udhu, sala na saumu, nao wafanya vema. Walakini kesho yake kijana huyo hutia chombo baharini, na hapana aliyemwambia kwamba kalamu humfuata na huko.

Mwenye kutupa baruti mwambani huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na matumbawe yaliyo nyumba yao huvunjika, yasirudi illa kwa miaka mingi. Anayekula ni mmoja; anayekosa ni jirani yake, na mtoto wa jirani ambaye hajazaliwa. Naye Imamu Nawawi amenakili kwamba wanazuoni wamewafikiana kukataza israfu ya maji ya udhu, hata kwa aliye ukingoni mwa bahari. Ikiwa maji yasiyopungua hayafujwi, itakuwaje kwa samaki wapunguao?

Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, wazee husimulia kwamba mja mwema aitwaye Hadhara alitaka msala asali, ukakosekana. Akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake, kwani chaelekea kibla. Mwaka 1998 serikali ya Zanzibar ilikifanya hifadhi. Baadaye mafunzo ya Kurani juu ya amana ya viumbe yakapelekwa misikitini na vyuoni. Kwani mlinzi hulala, na Mola halali.

Mwaka ule ule wa 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kubwa, matumbawe yakapauka, mengi yakafa, na ya Misali yamo. Na joto la dunia huzidishwa na moshi wa viwanda vya nchi ambazo mvuvi wa Pemba hajapata kuziona. Hapo kijana hufahamu hadithi ya merikebu: waliokaa chini walitaka kutoboa fungu lao wapate maji, wakiachwa, huangamia wote, wakizuiwa, huokoka wote. Ulimwengu ndio merikebu hiyo. Yuko atoboaye kwa moshi, na yuko atoboaye kwa baruti. Wala kosa la wa mbali si ruhusa kwa wa karibu.

Huenda baba akasema, "Watoto watakula nini leo?" Dema na mshipi vimelisha mababu zake. Riziki ya leo haihalalishi kula riziki ya yatima wa kesho. Basi amchukuapo mwanawe baharini mara ya kwanza, amwonyeshe mwamba mzima na mwamba uliovunjwa, kisha aache baruti yeye kwanza. Kwani mtoto hufuata mkono wa babake kabla ya ulimi wake.

Mwenyezi Mungu awaongoe vijana wa Kiislamu, wawe waaminifu wa nchi kavu na bahari. Amin.