Msibahatishe na Tumbo la Mtoto

Wanangu mnaolea watoto wadogo, nisikilizeni kabla hamjanijibu kwa simu. Mtoto akiharisha usiku, asubuhi mko duka la dawa. Hamwulizwi cheti wala choo kilipimwa wapi. Mnataja "tumbo" tu, mnapewa metronidazo ya maji na kijiko cha plastiki. Siku ya tatu akichangamka, chupa inawekwa juu ya friji imebaki nusu, inamngoja mdogo wake. Mchezo huo uacheni.

Utumbo mpana umejaa bakteria, matrilioni kwa matrilioni, na wengi wao si adui. Wanakula makapi ambayo sisi hatuwezi kuyasaga, ya maharage, ya mboga, ya dona, kisha wanatoa asidi ndogondogo. Mojawapo inaitwa butireti, na hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazoufunika ukuta wa utumbo huo. Tena wanaizoesha kinga ya mtoto kumtambua mwenyeji na mvamizi. Jamii hii hujijenga hasa katika miaka 2 au 3 ya mwanzo. Sasa metronidazo inaua ameba, ni kweli, lakini inaua pia bakteria wasiohitaji oksijeni, na wakazi wengi wa utumbo mpana ni hao hao.

Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili inauwasha utumbo wake yenyewe, mwezi baada ya mwezi. Una sura mbili kubwa. Moja ni ugonjwa wa Crohn, wenye jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932; huo unaweza kushika popote, kinywani hadi njia ya haja kubwa. Ya pili ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Zote mbili haziambukizwi, wala hakuna aliyemroga mtoto. Urithi unachangia, mazingira yanachangia, na bakteria wamo. Panya walionyimwa jeni moja ya kutuliza kinga huwaka utumbo wakiishi na bakteria wa kawaida, lakini wakilelewa bila bakteria hata mmoja, utumbo unabaki salama.

Kwa watoto, kazi ninayoiheshimu ilifanyika Amerika ya Kaskazini na kuchapishwa mwaka 2014. Walichukuliwa watoto 447 waliogunduliwa karibuni kuwa na ugonjwa wa Crohn, kabla ya kuanza tiba, wakakatwa vinyama vidogo vya utumbo. Ilionekana bakteria wa ukoo wa E. coli wameongezeka, na makundi yanayotengeneza butireti yamepungua. Waliokuwa wametumia antibayotiki, mvurugiko wao ulikuwa mkubwa zaidi. Miaka 2 kabla yake, kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 1 wa Uingereza zilionyesha kwamba waliopewa dawa za kuua bakteria wasiohitaji oksijeni walipata ugonjwa huu, wa sura zote mbili kwa jumla, mara nyingi kuliko wenzao, hasa waliopewa wakiwa wachanga.

Msinielewe vibaya. Huenda baadhi yao walipewa dawa kwa sababu tumbo lilikwisha kuanza kuugua bila kujulikana, na utumbo uliowaka nao unawavuruga bakteria. Kwa hiyo mama asinyooshewe kidole. Wala msiziogope antibayotiki zote: nimonia inaua upesi. Daktari akiandika antibayotiki, mpeni mtoto dozi kama alivyoandikiwa. Ninayoikataa ni ile ya kubahatisha.

La pili, na hili naliona zito kuliko la kwanza: msiuzoee ugonjwa. Mtoto anaumwa tumbo, anapewa dawa ya minyoo. Linarudi, inakuwa ameba. Linarudi tena, inakuwa taifodi. Mwaka unapita, na hakuna aliyegundua kwamba sare ya darasa la tatu bado inamtosha akiwa la tano, mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Mtoto wa namna hiyo anaweza hata asiharishe. Kimo kinasimama, uzito unashuka, damu inapungua, vidonda vya mdomoni vinajirudia, au kuna uvimbe na usaha karibu na njia ya haja kubwa, jambo ambalo mtoto anaona haya kulisema. Damu au kamasi chooni kwa wiki kadhaa si ya kusubiriwa. Mpelekeni kwa daktari wa watoto na mwulizeni waziwazi kuhusu kipimo cha kamera ya kuangalia ndani ya utumbo. Huku kwetu atatafuta kwanza kifua kikuu cha tumbo, maana kinafanana sana na Crohn, na dawa za kutuliza kinga zikimkuta mwenye kifua kikuu zinaweza kukichochea. Msimharakishe.

Nanyi mlioko Toronto na London, msidhani damu ya kwetu ni kinga. Huko Ontario, Kanada, imeonekana kwamba kadiri mhamiaji anavyofika akiwa mdogo, ndivyo hatari ya ugonjwa huu wa utumbo kuwaka inavyoongezeka.

Tiba ipo. Kwa mtoto mwenye Crohn, madaktari wengi huanza na maziwa maalumu yenye virutubisho vyote, hayo tu, wiki 6 hadi 8, bila chakula kingine. Karibu watoto 8 kati ya 10 hutulia, bila steroidi ambazo hudumaza kimo. Cha ajabu, kuna bakteria anayesifiwa kwa kutuliza utumbo, Faecalibacterium prausnitzii. Yeye ameonekana akipungua huku watoto wakipata nafuu kwa maziwa hayo. Basi anayewauzia vidonge vya "bakteria wazuri" mtandaoni kana kwamba hesabu imekwisha, mwacheni na vidonge vyake.

Wiki hizo ni ngumu. Mtoto atanusa vitunguu vikikaangwa, atalia. Kuleni baadaye, au pikeni kwa jirani. Na bibi atakayemwonjesha pilau kwa siri kwa kumwonea huruma, mzuieni mlangoni, hata nikiwa ni mimi.