Chungu Kilichochorwa

Yafaa nini kukichora chungu, wakati ambapo watu hawana cha kutia chunguni? Swali hili laonekana kuwa la mzaha, walakini tukilifikiri twaona si la mzaha hata kidogo.

Mwaka 1929 biashara ya Marekani ilianguka, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walikosa kazi, na wachoraji miongoni mwao. Mwaka 1935 Serikali ikaanzisha mpango wa kuwapa wachoraji mshahara, si sadaka, na wengine wao wakaamriwa kuchora kwa rangi za maji vyombo vya watu wa zamani: mitungi, viti, mifarishi ya viraka, wanasesere, na majogoo ya bati yaliyowekwa juu ya paa kuonyesha upepo uvumako. Kazi hiyo, iliyoitwa Index of American Design, ilikoma mwaka 1942. Picha zake, zipatazo 18,000, zimehifadhiwa katika National Gallery of Art mjini Washington.

Sheria yake ilikuwa nzito kwa mwenye kiburi. Mchoraji hakuruhusiwa kuongeza pambo lake mwenyewe. Chombo kikiwa na ufa, auchore ufa. Nguo ikiwa imechakaa, achore uchakavu wake. Hivyo mtu aliyezoea kutafuta sifa alikaa siku nyingi mbele ya kazi ya fundi ambaye mara nyingi hata jina lake halikujulikana.

Je, alidhiliwa? Sisi twasema, sivyo. Kuitazama kazi ya mwenzako hata uifahamu si utumwa, bali ni heshima. Wala ufa si aibu. Ndio ushahidi ya kuwa chombo kilitumika na watu.

Walakini tusiisifu kazi hiyo kupita kiasi. Vyombo vya wenyeji wa kwanza wa nchi ile viliachwa nje ya orodha, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa ni vya wataalamu wa mila. Hapo twajifunza neno kubwa: mkono uchorao waweza kuwa mwaminifu kabisa, na hali mkono uchaguao umekosa. Haitoshi kusema kweli juu ya kile tulichokiweka mbele yetu. Yatupasa kuuliza pia ni kipi tulichokiacha nyuma, na kwa nini.

Basi, jibu letu ni hili. Chungu kile kilimlisha mchoraji kwa mshahara wake, nacho kikamrudishia mfinyanzi heshima yake. Lakini wako wafinyanzi wengine waliokuwa wakingoja mlangoni, wala hawakuitwa.